Waya Usio na Jina

Yaredi ameweka kifaa chake mezani kwangu,
kati ya pasi isiyopasha na redio ya mchungaji.
Kidogo, cheusi, kama filimbi ya mtoto wa tajiri.
"Fundi, kinaungua. Nikivuta napata ladha ya nywele."
Upepo wa Julai unapitisha vumbi la Sabasaba.
Nafunika skrubu kwa bati, nawasha taa,
nafungua.

Humo ndani, koili: mizunguko sita,
waya mwembamba kama mguu wa mbu.
Katikati yake, utambi. Nauvuta kwa koleo
na hauji kama pamba. Unanyumbuka,
umeganda ncha, unang'aa
kama lami ya barabara ya Iringa saa nane mchana.
"Huu umeutoa wapi?"
Anautazama mkono wa sweta yake.
Nyuzi zinaning'inia pale.

Sweta! Mtoto wa watu anapika plastiki
na kuila kwa mapafu.

Mama yangu, Sechelela, kule Handali,
alisokota tambi za koroboi kwa pamba ya godoro kuukuu,
akazijaribu kwa ulimi kwanza:
pamba hunywa, nailoni hutema.
Usiku mafuta yakipungua alijua bila kuinuka,
kwa harufu tu.
"Utambi hauliwi," alisema, "yanaliwa mafuta.
Yakiisha, ndipo moto humgeukia aliyeubeba."
Nilidhani anasema juu ya maisha.
Labda alikuwa anasema juu ya taa.

Sasa Yaredi anataka nimsukie koili mpya.
"Si waya huo hapo, fundi?" Ananyooshea kidole
bunda langu la waya wa majiko.
Kweli, ninao. Nusu ya Chang'ombe wanachemsha maji kwa mkono wangu.
Lakini niliununua kwa kilo, katika mzigo wa chuma chakavu,
hauna lebo, hauna baba.
Huenda ni nikromu. Huenda ni chuma kilichovishwa zinki,
na zinki ikipata moto, waulize wachomeleaji mageti
kwa nini siku nyingine hulala na homa isiyo ya mbu.

Namwonyesha kwenye mita: waya mfupi, mnene,
namba inashuka. Sifuri nukta mbili.
"Namba ndogo si ndiyo moshi mwingi?"
Namba ndogo, kijana, ni lango la zizi lililoachwa wazi:
betri inatoka yote kwa mkupuo.
Na waya huu haujui kusema, nimeshapata joto, basi.
Uko ambao upinzani wake hupanda kadiri unavyochemka,
mashine yenye akili ikausoma, ikajizuia.
Wangu unakaa palepale kama punda aliyegoma.
Utambi umekauka, wenyewe unazidi tu kuwaka.

Jikoni hilo si neno.
Sufuria ina kitako, chai ina chujio.
Kati ya koili hii na damu yako kuna nini?
Hewa. Pumzi moja.

Anakohoa, anacheka, anasema chuoni wanavuta wengi,
na chupa yake ni ya ladha ya zabibu.
Zabibu! Hapa Dodoma,
zenyewe zikiuzwa hatua ishirini kutoka tuliposimama,
na nyuki juu yake.

Nikakirudisha kikiwa wazi. Sikumtoza.
Alikipokea kama mtu aliyerudishiwa barua yake haijasomwa,
akavuka njia kwenda kwa Chilewa,
anayefunga chochote kwa chochote
na haulizi.

Nilibaki na kile kipande cha sweta
kwenye kizibo cha soda.
Nikakigusisha kiberiti, nijionee.
Hakikushika mara moja. Kilijikunja,
kikadondosha tone jeusi,
tone likaendelea kuungua peke yake juu ya saruji.

Jioni niliwasha jiko langu kwa chai.
Koili ikawa nyekundu, taratibu, kama kila siku,
nami nikarudi nyuma hatua moja.