Nimesomewa

Kitabu hakikuwa na jalada. Mchwa walikwisha kula
jina la mwandishi, wakasaza mwaka:
elfu moja mia nane hamsini na tatu.
Mwalimu Lechipya alikiokoa sokoni Majengo
kwa muuza karanga, aliyekwisha chana
sura ya kwanza na robo ya pili
kufungia za mia mia.

Alikuja nacho Ntyuka, machimboni,
akasoma Kiingereza kwa macho, Kiswahili kwa mdomo,
na palipouma sana, Kigogo.
Sisi tuligonga kokoto. Nyundo zilipungua
alipofika kwa watoto wa shimo la makaa,
rika langu, waliolipwa kwa kikapu,
na kikapu, siri ya bwana, kimeongezwa
vidole viwili vya kimo.

"Aliyeandika haya," mama akauliza,
"yeye aligonga mawe wapi?"

Mwalimu hakujua. Hakujua hata
kama ni mwanamume au mwanamke.
Dibaji, ile nusu iliyosalimika, ilisema tu
mwandishi alikwenda mbele ya wakubwa wa nchi yake,
akaweka kikapu chenyewe mezani, akasema: Pimeni.
Hapo mchwa wakaendelea.

Alhamisi likaja Fuso la Sakalani.
Mama, Mbeleje binti Malogo, hakusema neno.
Alileta ndoo ya mafuta ya kupikia, imeandikwa lita ishirini,
akaijaza, akaimimina katika debe la tajiri.
Debe likabaki na njaa.
Akalipindua: kitako kimegongwa kutoka ndani,
kimetuna kama mbuzi aliyevimbiwa.

Sakalani akacheka kidogo. "Mama, umesoma wapi wewe?"

"Sijasoma. Nimesomewa."

Wiki mbili gari halikuja. Tulikunywa uji wa uwele
mwepesi, chini ya bakuli unajiona.
Kisha akarudi, debe limenyooka,
bei imeshuka shilingi mia.
Sitaki kudanganya: watoto waliendelea kugonga.
Nami pia, mpaka darasa la saba.

Sasa nafanya kazi Mtumba, ghorofa ya tatu,
juu ya zege ambalo huenda lina kokoto zetu.
Nimeulizia maktaba; jina sijalipata.
Mwalimu alizikwa Chamwino, kitabu kikarudi kwa mchwa.
Ndoo ipo kwa mama, anawekea mbegu.

Nami kila ninunuapo karanga,
hukunjua karatasi kwanza.