Mibonyezo Tisa

Makoroboi, chini ya mwavuli uliochanika,
Masalu amelaza simu chali juu ya taulo
kama sato waliopangwa kwa mafungu.
"Tachi au kitochi, mama?"
Nasema kitochi. Anacheka.
"Wewe? Mtu wa Mwaloni, unayeshika hela kila siku?"

Nashika hela, ndiyo. Nashika na kisu.
Miaka kumi na tisa napara samaki Kirumba,
magamba yamenila ncha za vidole,
yamesawazisha ile mistari
ambayo Mungu humchorea kila mtu ya kwake.

Siku ya kusajili laini
kijana wa kampuni alinishika dole gumba
kama anayekamua ndimu,
akalibana kwenye kimashine: jaribu tena.
Nikanawe. Nikanawa.
Nisugue kwa majivu. Nikasugua.
Foleni ikaguna nyuma yangu.
Kidole cha saba ndicho kilichokubali kunishuhudia
kwamba mimi ni Nyabise binti Magesa, mzaliwa wa Ukara,
na kwamba nipo.

Kisha mwanangu Bwire akaniletea simu ya kioo kutoka Geita.
Nzuri, sikatai. Ndani yake
nilimwona mjukuu wangu akiota jino.
Lakini kazini, na mikono mibichi,
nagusa jina la mteja, inawaka tochi;
napangusa nipokee, inapiga picha ya ndoo.
Siku ile mnunuzi wa Kisesa alipiga mara tatu.
Mara ya tatu nilipokea kwa pua,
wenzangu wakacheka hadi visu vikawaanguka,
na yeye alikuwa ameshanunua kwa Kabula.

Basi nafumba macho mbele ya meza ya Masalu.
"Mama, unasali?"
Natafuta tano.
Juu ya tano huwa pana kipele, punje ya mchanga,
kidole kikikipata kinajua kiko wapi,
kushoto nne, kulia sita,
hata umeme ukatike, hata jicho lichoke.
Simu ya kwanza, kipele kimelika kama mimi.
Ya pili, vitufe vinadidimia kama muhogo uliolowekwa.
Ya tatu inajibu: tk.
Nabonyeza tena, kwa raha tu. Tk.

"Hii."
"Elfu ishirini na nane."
"Ishirini na mbili, na usiniangalie hivyo."

Kitufe hakiniulizi mimi ni nani.
Kinauliza jambo moja:
umebonyeza, hujabonyeza?

Sisemi nimeshinda. Hii haina jino la mjukuu.
Ile ya kioo nimeivingirisha kitenge, ipo sandukuni;
Jumapili, mikono ikikauka, naifungua,
nahesabu meno. Sasa yako manne.

Usiku wa juzi mvua ilishuka bila kubisha hodi.
Nikajua: Igombe, dagaa wa Nyanjige wako mchangani,
mtaji wa mkopo, umetandazwa, unalowa.
Umeme hakuna. Nikiwa ndani ya chandarua
kidole kikaipata tano, kikaanza safari.

Saba, mara moja.
Sita, mara tatu.
Tano, mara tatu.
Tatu, mara mbili.

Kwenye ile ya kioo ukigusa p tu
pole inajitokeza yenyewe, imeshavaa,
na kikatuni cha machozi kinaisubiri mlangoni.
Yangu ina mibonyezo tisa.
Nilihesabu, bati likipigwa juu yangu.

Nikaona haitoshi, nikaongeza jina lake,
Nyanjige, lote, herufi kwa herufi.
Sasa, i na g hukaa nyumba moja, kitufe cha nne:
ukishaiandika i, usikimbilie,
ngoja kwanza mshale mdogo usogee,
ndipo uiite g.

Nikangoja.