Mpangaji wa Chumba cha Uani

Alipofika Mwanga, begi bado begani,
alitukuta tukisalimiana kwa makofi,
mimi na muuza mawese,
taratibu, viganja juu ya viganja,
mpaka habari za ng'ombe ziishe na za wakwe zianze.
Akasimama akihesabu kwa kidole:
alidhani ngoma imeanza.

Jina lake Chinatsu. Mtaa ulishindwa, ukamwita Chinatu.
Kazi yake kupima maji ya ziwa.
Anayajaza kwenye vichupa, anayaandikia tarehe
kama dawa ya mtoto.
Siku ya kwanza alichota kwa kiganja, akaonja,
akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji:
maji yote haya, na chumvi iko wapi?
Kwao ni kisiwa. Kidogo, anasema,
ukipiga chafya pwani hii
wa pwani ile anakuitikia "afya".

Dagaa wetu anawapenda, ila vibaya.
Anawachemsha, anawaopoa, anawapa paka,
kisha anakunywa maji yao, macho kayafumba.
Nikamwambia, binti, umetupa mboga ukala mvuke.
Akacheka.
Kesho yake akarudia.

Jioni umeme ukikatika, na wa Kigoma hauagi,
anatoa kinanda chake: nyuzi tatu,
shingo nyeusi, tumbo limewambwa ngozi ya chatu.
Wiki nzima watoto wa Bihagaze hawakukanyaga uani.
Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza, kwa heshima,
kama nyoka yule alikufa kweli.

Uzi mwembamba ulipokatika
alitembea siku mbili kama mfiwa.
Nikampeleka Kibirizi, duka la nyavu,
tukanunua uzi wa kuvulia, mita tano, shilingi elfu moja.
Akaukaza, akaugonga kwa kipande cha pembe.
Ukalia. Ulikuwa na kijisauti cha hapa,
ama ni masikio yangu yanajipendelea.

Nikamuuliza maana ya wimbo.
Akasema haijui yote.
Bibi yake, darasa la tatu,
aliomba maji kwa lugha ya kisiwa, mara moja tu,
akavishwa kibao shingoni
akae nacho mpaka amnase mwenzake.
Basi wimbo ulifika kwa mjukuu,
maana zimevuja njiani kama mchele wa gunia bovu.

Nilinyamaza.
Kwetu Kasulu haukuwa ubao, ulikuwa mfupa.
Mfupa wa ng'ombe, kwenye kamba ya katani.
Niliuvaa Jumatatu nzima
kwa kupiga kelele kwamba nyuki amemwingia dada sikioni,
kwa Kiha,
maana nyuki hasubiri utafute Kiswahili.

Mwezi uliopita mama alishuka kutazamwa macho Maweni.
Akalala kwangu. Usiku akazisikia zile nyuzi,
akaketi kitandani wima:
Nani anapiga nanga ya Ntahondi?
Ntahondi ni kaka yake. Alizikwa mwaka niliozaliwa.
Nikasema ni mpangaji, mama, mtu wa mbali.
Hakusikia, au hakutaka.
Akaimba. Kwa Kiha cha zamani, cha mlimani,
wimbo ambao kinywani mwake
sijawahi kuusikia, na nina miaka hamsini na mitatu.

Huko uani kinanda kilisita.
Kikajaribu kufuata, kikakosea njia,
kikarudi, kikakosea tena, kikaacha.
Halafu, kupitia ukutani, makofi.
Taratibu. Viganja juu ya viganja,
vile vile vya muuza mawese.

Maneno mengine sikuyaelewa.
Nilikusudia kumuuliza asubuhi,
lakini tulikuwa tumechelewa foleni ya Maweni
na mama alikuwa ananung'unikia chai, haina sukari.
Ameshapanda kwao. Simu yake haishiki mtandao
mpaka asimame penye kichuguu.

Chinatu hajalipa kodi ya mwezi wa nne.
Sijamdai.