Saa Mbili za Uvinza

Tangazo lilining'inia ubaoni kwa pini moja,
upepo wa Malagarasi ukiligeuza tumbo na mgongo:
*Kila mwajiriwa aliyejiandikisha atapewa saa mbili
za kwenda kupiga kura. Mshahara hautaguswa.*
Muhuri, sahihi, na chini yake, kwa kalamu ya mtu mwingine:
*Tanuri lisizimwe.*

Tanuri letu halijui Jumapili.
Maji ya chumvi yanatokota usiku kucha
kama mwenye deni asiyepata usingizi,
na mimi, Minani, mtoto wa nane kwa mama yangu,
nalilisha magogo.

Nikazihesabu zile saa kama mtu anayehesabu nauli.
Dakika ishirini na tano kwa baiskeli hadi shuleni,
mnyororo wenyewe wa kuruka.
Ishirini na tano za kurudi.
Zilizobaki ni za foleni,
na foleni haina mkataba na kampuni.

Msimamizi Ruhomvya akaniuliza, koti mabegani:
"Unakwenda kumpa nani?"
Nikasema, bosi, ruhusa niliyoomba ni ya miguu.
Ya moyo sikuiandikia barua.
Akacheka nusu. Nusu nyingine akaitia mfukoni.

Nyandwi akalipokea koleo langu.
Yeye alijiandikisha Kibondo, kabla njaa haijamleta huku;
saa mbili za Uvinza hazimfikishi hata Kasulu.
Amepewa haki, hakupewa barabara.
"Nenda," akasema, "nikupigie moto, unipigie kura."
Nikamwambia haiwezekani, kura haina wakala.
"Basi kimbia."

Darasa la Tatu B. Ubaoni jedwali la saba limeishia saba mara tisa,
jibu limefutwa na kiwiko cha mtu.
Mbele yangu Yudita wa kufungasha, mtoto mgongoni,
chumvi bado nyeupe kwenye nyusi zake,
anachungulia saa ya kila anayepita.
Karani akaitazama picha ya kichinjio changu, akanitazama macho,
mekundu kwa moshi.
"Ni wewe huyu?"
Ni mimi, kabla ya tanuri.

Nyuma ya boksi la karatasi nilikuwa peke yangu.
Hakuna king'ora, hakuna Ruhomvya.
Kalamu imefungwa kwa uzi, kama mbuzi.
Sikumbuki dakika nyingine mwaka ule
ambayo hakuna aliyenihimiza.
Wino ukaingia kwenye mpasuko wa kidole kidogo, ukawasha.
Nikaupenda ule muwasho.

Nilirudi nimechelewa dakika saba.

Mwisho wa mwezi, hati ya mshahara:
*Hakuwepo kazini, saa tatu.*
Dakika saba zilikuwa zimezaa saa nzima.
Nikaenda dirishani kwa mhasibu.
"Ushahidi kwamba ulipiga?"
Nikanyoosha kidole. Kidole kikatoka cheupe, kisafi,
kama cha aliyezaliwa jana.
Maji ya chumvi yalikuwa yameunywa wino wote,
wino ule ule tulioambiwa haufutiki.

Nikamuuliza: siku ile magunia yalitoka mangapi?
Akafungua daftari. Arobaini na mawili.
Na siku iliyotangulia?
Arobaini na mawili.
Basi saa zangu zilizopotea zimepotelea wapi?
Moto haukulala. Nyandwi alichochea kwa mikono ya watu wawili
na yeye hajaongezwa hata senti.
Mmenikata mimi, yeye hamkumpa.
Hiyo fedha iko njia gani?

Mhasibu akaandika pembeni, *Itaangaliwa*,
akateremsha kidirisha.

Kila Ijumaa napita pale, nagonga mara mbili.
Nyandwi hunisubiri nje na muhogo wa kuchoma,
tunaukata katikati, chumvi tunayo.
Juzi ameniuliza uandikishaji utaanza lini tena,
na kama kweli koleo lake nitalishika.
Nimemwambia nitalishika.
Ila aje na hesabu ya magunia, kwa maandishi,
asubuhi ile ile, kabla hajatoka getini.