Kipimo

Miaka kumi na minne nafunua matamvua ya sangara pale Mwaloni.
Jekundu, pita. Lililopauka, kaa kando.
Na sumu naijua kwa pua
kabla kreti haijashushwa.
Wanaomwaga sumu ziwani wananifahamu:
Nyanzobe, mwanamke asiye na bei.

Kisha shingo ikanisaliti.

Masika yale kichwa kilianza kuondoka
polepole, kuelekea bega la kushoto,
kama ng'ombe anayejua njia ya zizi.
Nakirudisha, kinakwenda.
Nikikagua samaki wa mtu, natazama mlango.
Padri akinisalimu, naitikia dirisha.
"Siku hizi anaringa," wakasema wauza dagaa.
Shangazi akaja na wembe na dawa ya kuchanjia.
Nikachanjwa. Kichwa kikaendelea kutazama Misungwi.

Siri yangu ilikuwa kidole.
Kimoja tu, kidevuni, bila kusukuma,
na kichwa kinanyooka
kama mtoto aliyeitwa kwa majina yake yote.
Kwenye picha ya arusi ya mdogo wangu
naonekana mtu wa mawazo mazito.
Sikuwa nawaza kitu.

Daktari Kokusima hakucheka.
Akanipaka jeli ya baridi,
akanigeuzia kioo cha ultrasaundi.
Tabaka juu ya tabaka, kijivu juu ya kijivu:
minofu. Nimeipasua maelfu, sikudhani nami ninayo.
Katikati shimo jeusi likidunda.
"Huo mshipa wa damu. Huo hatuugusi."
Kisha: "Kichwa kinakwenda kushoto,
lakini mvutaji mkubwa yuko kulia."
Nikawakumbuka wachuuzi niliowatoza faini
kwa kosa la mwenye mtumbwi.

"Na dawa yenyewe?"
"Sumu," akasema, hakuizungusha.
"Botulinamu. Ndugu wa ile ya kopo lililovimba.
Ila hapa ni chembe, ya kuuambia msuli: pumzika."

Nikaomba chupa.
Nikasoma tarehe, nikasoma namba,
nikauliza imesafirije, na baridi yake ililindwa na nani.
Akanifungulia friji, nikasoma kipimajoto.
Ndipo nikatia saini.

Sindano ikatokea kiooni, uzi mweupe,
mshipi unaomjua samaki wake.
Kulia mara mbili. Kushoto, nyuma, ndani zaidi, mara tatu.
Nikahesabu. Kazi yangu ni kuhesabu.

Siku ya tatu, kimya.
Siku ya sita tonge likakwama kooni;
nikanywa uji wiki nzima, nikimtukana daktari moyoni.
Siku ya kumi na moja namimina chai,
mkono mmoja kwenye birika, mwingine kwenye kikombe,
nikashtuka: hakuna kidole kidevuni,
na kichwa kiko mbele.
Mbele palikuwa na ukuta tu.
Una ufa. Sikuwahi kuuona.

Miezi mitatu, ameniambia, kisha ng'ombe atakumbuka zizi.
Nimeandika tarehe kwenye kalenda,
chini ya siku ya marejesho ya vikoba.

Jana kijana kaleta kreti ya sato, harufu ileile.
Nikamtazama machoni, yote mawili.
"Mwaga," nikamwambia.
"Mama, hata dawa ni sumu."
"Kweli," nikajibu. "Nionyeshe kipimo chako."