Barabara Kumi na Mbili

Mwaka wa kwanza nilisoma kwa kalamu ya njano.
Nilipaka kila mstari, hata ule usio na hatia,
mpaka kitabu kikawa rangi ya wali wa bizari,
na kichwani hamkubaki hata ukoko.
Sapu mbili. Barua ya mkuu wa chuo.
Mama aliisoma, akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya kopo la sukari.
Hakusema kitu.

Semkiwa ndiye aliyelifunika daftari kwa kiganja.
"Umesoma mara kumi. Haya, niambie."
Nikafungua mdomo, ukatoka upepo.
"Basi hujasoma. Umetazama tu,
kama mtu anavyotazama keki dirishani."

Tukaanza upya, daftari limefungwa.
Aniulize, nikosee, nione haya, nifungue, nifunge.
Leo. Kesho. Kisha tunaruka siku tatu makusudi
ili nisahau kidogo,
maana kitu ulichokipapasa gizani ukakipata
mkono haukiachi tena.

Ila neva kumi na mbili za kichwa!
Majina ya Kilatini, hayana shangazi wala mjomba.
Nikayapeleka Ngamiani.
Nani kazaliwa Tanga asijue kuhesabu barabara?
Ya kwanza nikaweka pua, kwa muuza bizari, chafya mlangoni.
Ya nne kuna mtu kadondosha mia mbili, macho chini.
Ya tano mtoto anatafuna muwa, shavu limetuna.
Ya nane fundi redio kalaza sikio juu ya spika,
na baiskeli yake imesimama wima bila stendi:
huo ndio msawazo wa mwili, usicheke.
Ya kumi nikampangia mzururaji, naye halali pale.
Mara yuko kooni, mara moyoni,
mara tumboni anaulizia chakula.
Ya kumi na moja hamali, mabega juu.
Ya kumi na mbili ulimi, na mnajua wenyewe
habari za barabara hiyo.

Ya sita ilinitoroka. Kila usiku
niliivuka nikajikuta ya tisa, nimepigwa na butwaa.
"Nenda kwa miguu," akasema Semkiwa.
Alfajiri nikaenda, mikono mitupu.
Mwanamke alikuwa anafagia kibaraza chake.
Hakugeuza shingo. Jicho tu likateleza pembeni,
likanipima kuanzia kandambili hadi ushungi.
"Ahsante, mama!" nikamwambia. "Ni neva ya sita!"
Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ya saba sikuweka mtu. Ya saba ni kwetu.

Usiku wa mwisho nilitaka kukesha na birika la kahawa.
Semkiwa akapiga simu: "Lala.
Usingizi ndiye karani,
bila yeye mafaili yote yako sakafuni."
Nikalala, kwa hasira.

Swali la nne: mgonjwa, uso umelegea upande mmoja,
paji la uso linakunjika pande zote mbili.
Jeraha liko wapi? Eleza.

Moja, mbili, tatu... sikuhesabu.
Nilikata uchochoro, nikaingia uani kwetu.
Baba ameketi kwenye kiti cha plastiki,
karani mstaafu wa shamba la mkonge,
nusu ya uso imelala tangu Ramadhani,
chai inamtoka kushoto mwa mdomo.
Anasoma gazeti. Bei ya mchele imemshangaza,
na mikunjo yote ya paji imepanda,
kulia na kushoto,
imenyooka kama mistari ya mkonge.

Nikaandika: ubongoni. Neva yenyewe ni nzima.
Paji hupokea amri kutoka pande mbili,
likikosa huku litapata kule.
Nikaandika bila kufuta,
kisha nikakaa kidogo, nimeinamia karatasi,
msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Saa nane nikafika nyumbani.
Nikamfuta baba kidevu kwa ncha ya kanga.
"Hebu kunja paji," nikamwambia.
Akakunja.
"Tena."
Akakunja tena, akacheka kwa upande uliobaki.