Vigogo kutoka Wizarani

Alhamisi Nyemo ananisomea daftari lake huku navua viatu:
*Jumatatu kila mtoto aje na kazi ya mikono
aliyoitengeneza kwa vigogo vitano vya karatasi ya chooni.*
Sijui Mwalimu Malogo alilitoa wapi hilo neno, vigogo,
lakini nililielewa.
Kisha mwanangu akaniuliza:
Mama, chooni kwetu kigogo kiko wapi?

Chooni kwetu kuna kopo la rangi lenye mpini wa waya
na maji ya kununua, dumu kwa dumu,
kwa Mama Sechelela mwenye kisima.
Kigogo hakuna.

Lakini mimi ni mfanya usafi Mtumba,
ghorofa ya tatu, vyoo sita,
na huko karatasi inakwisha kama mvua ya Dodoma:
unageuka kidogo tu, haipo.
Miaka minne navitupa.
Ijumaa nikavitia mfukoni mwa aproni,
vimekauka, vyepesi, havina hata uzito wa maandazi.

Getini Chibago akapapasa mfuko.
Umebeba nini humo?
Vigogo watano, nikamwambia.
Akacheka mpaka kofia ikamvuka.
Watano tu? Na wale wengine umemwachia nani?

Nyemo hakucheka.
Ni vi-ta-no, Mama. Havina roho.
Akavisimamisha mkekani kwa mstari,
akavitazama kwa muda, kama mtu anayenunua.

Gundi ya dukani elfu moja na mia tano.
Akajaribu mlenda uliobaki usiku,
kwa sababu unavutika.
Kichwa kikateleza, kikaanguka, kikateleza tena.
Nikamwambia, mwanangu, mlenda kazi yake ni kushusha ugali,
haujawahi kushikilia kitu.
Tukakoroga uji mzito wa muhogo, ukashika.

Miguu, njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.
Mikia, nyuzi za gunia.
Rangi, udongo wetu wa Nkuhungu, mwekundu bila kuombwa,
na mkaa, na zabibu zilizopondeka
ambazo muuzaji alitupa bure ili asizibebe kurudi nazo Hombolo;
ndiyo maana mmoja ni wa zambarau.
Pembe, miba ya mgunga, mirefu, myeupe.
Alijichoma mara mbili, akanyonya kidole, akaendelea.

Nani kamfundisha pembe za namna ile?
Baba yangu aliuza ng'ombe wake wa mwisho
nikiwa darasa la tano, Mvumi,
mwaka ambao hata viroboto walikonda.
Sijamsimulia.

Jumamosi jioni akaniita uani:
Mama, njoo uwaone, wako watano.
Watano.
Nikafungua mdomo nimrudishie sarufi yake,
nikaufunga.

Jumapili tukiwa kanisani, mbuzi wa jirani akaingia uani.
Tuliporudi alikuwa anatafuna taratibu,
na mkia wa gunia unaning'inia kwenye ndevu zake
kama mtu aliyesahau kujifuta.
Nikamtazama mwanangu, nikijiandaa kwa kilio.
Nyemo akahesabu kwa kidole, mmoja mmoja,
akaanza tena mwanzo.
Mmoja ameliwa, akasema. Ndiyo mifugo.
Akawaingiza wanne ndani, akafunga mlango.

Asubuhi hii ameondoka nao shuleni kwenye boksi la viatu,
kifuniko amekitoboa matundu wapate hewa.
Mwalimu atasema ni vitano vilivyotakiwa.
Kesho ataleta wa tano, nimemwahidi.

Basi nimesimama na fagio langu mbele ya mlango wa tatu.
Asubuhi niliangalia: karatasi ilibaki mizunguko michache.
Ndani kuna mtu wa viatu vinavyong'aa,
simu yake imelia mara mbili na hakupokea.
Namsikia anavuta.
Vuta, bwana. Usione haya, ni mali ya serikali.
Vuta tena.

Humo ndani kuna kigogo na kigogo.
Nasubiri mmoja atoke,
aniachie kimoja.